Aliyesema "Shuka"

Watu wote waliohudhuria mazishi ya Valerian walijua alivyokufa. Alikunywa mbege, ile pombe ya ndizi, akapita kando ya mfongo wa maji ya shamba akirudi nyumbani, akateleza, akalala kifudifudi kwenye maji ambayo hata bata angeyavuka kwa miguu, akazama. Mchungaji alilisema kwa upole, majirani walilisema wakitikisa vichwa, na kaburi likafukiwa. Inspekta Hajira wa upelelezi, Moshi, ndiye peke yake ambaye hakuwa na uhakika. Kutokuwa na uhakika katika kazi ile ni kama jino bovu: mchana unalisahau, ukilala linakuamsha.

Ushahidi wa kushika mkononi ulikuwa vitu viwili tu. Cha kwanza kilikuwa pete. Daktari Gladys wa hospitali ya misheni, aliyeupokea mwili, aliivua kwa sababu kidole kilikuwa kimevimba, akashangaa. Pete ya ndoa, ya fedha, ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Mjane aliapa kwamba Ijumaa asubuhi mumewe alipoondoka kwenda kazini ilikuwa inang'aa. Cha pili kilikuwa suruali. Ilipokauka ilibaki na chumvi nyeupe kwenye mikunjo. Maji ya mfongo yanatoka msituni juu kabisa. Ni ya baridi na yana majani ndani yake, lakini chumvi hayana.

"Fedha haiwi nyeusi hivi kwa maji matamu," daktari alimwambia kwa simu. "Hii ni gesi. Ile inayonuka mayai viza. Tena dalili za mtu aliyekunywa maji akafa sikuziona."

"Kwa nini hukuandika?"

"Niliandika, Hajira. Ndugu walikuwa na haraka ya kuzika, na askari aliyekuja alisikia neno mbege akafunga kalamu."

Kutoka mlimani mpaka mpakani mwa Kenya kulikuwa na mahali pamoja tu penye chumvi na gesi ya namna hiyo, tangi la kiwanda cha kusafisha maji chini ya Himo, na Valerian alikuwa mhudumu wa pampu hapo hapo.

Mkuu wa kazi wa Hajira, Afande Shakiru, alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili mbaya.

"Nitafutie aliyemwambia ashuke kwenye tangi," alisema mwishoni. "Mtu hajitumbukizi mwenyewe kwenye uchafu ule. Jina likiwa la mtu wa kampuni, kiwanda nakifunga leo leo na meneja analala ndani. Bila jina sifungi kitu. Nikiyakata maji yale kwa kubahatisha, wakulima wote wa tambarare watahamia hapa mlangoni kwangu."

"Na mwingine akishuka kabla sijalipata jina?"

"Basi lipate upesi."

Hajira akatoka na Koplo Primus, wakashika barabara ya Himo.

Kiwanda kilikuwa chini ya Himo, upande wa nyika. Malori ya tangi yalileta maji kutoka visima vya majaribio vya gesi. Gesi haitoki ardhini peke yake. Hupanda pamoja na maji, maji machungu yenye chumvi, mafuta na uvundo, ambayo hakuna anayeyataka. Kampuni ilikuja na wazo la kuyasafisha na kuyapa kazi nyingine. Yalitulia kwanza kwenye tangi la zege, mafuta yakaenguliwa juu, yakapitishwa kwenye chujio, halafu kwenye mitambo iliyobakiza chumvi nyuma, na kilichotoka mwisho kiliingia mferejini kumwagilia mahindi na majani ya ng'ombe. Watu waliyaita maji ya pili. Ya kwanza yalikuwa yale ya mlima, ambayo siku hizi yalikauka kabla ya kufika chini.

Hajira alitamani kuyachukia maji yale akashindwa, na hilo lilimuudhi. Kando ya uzio majani yalikuwa yamestawi hadi kiunoni. Wanawake waliotoka juu mlimani, kila mmoja na ng'ombe wake wa ndani anayesubiri kulishwa, walikuwa wameinama na mundu wakikata na kufunga mizigo. Wawili walikuwa wanaimba. Ungewaambiaje watu wale kwamba umekuja kuwafungia?

Aliyewafungulia geti aliitwa Lucky. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kicheko cha haraka, aliyepewa nafasi ya Valerian mara tu baada ya mazishi.

"Unajua mwenzako alikufaje?" Primus alimuuliza.

"Si mbege, afande? Kwenye mfongo wa kwao huko. Mimi tangu siku ile sigusi. Nimeokoka bila mchungaji!"

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Hajira alimtazama, neno likamfika kwenye ulimi: usishuke kwenye lile tangi. Lakini meneja alikuwa anakuja, na neno lolote ambalo angemwambia Lucky lingefika kwa meneja kabla ya mahojiano. Shahidi aliyeonywa ni sawa na shahidi aliyefundishwa. Akalimeza.

Meneja, Hafidhi, alikuwa mtoto wa Moshi mjini kama yeye. Baba zao waliswali msikiti mmoja.

"Dada Hajira! Karibu sana. Mzee hajambo?"

"Hajambo. Nionyeshe tangi la kwanza."

Tangi lilikuwa limezamishwa ardhini, na mfuniko wa chuma juu yake. Hafidhi alipouinua, ngazi ya chuma ilionekana ikishuka gizani, na uvundo wa mayai viza ukawapiga usoni. Primus alirudi nyuma akitema mate. Kwenye nguzo kando yake kulikuwa na kibao chenye fuvu na maandishi mekundu ya Kiingereza.

"Wangapi hapa wanasoma Kiingereza?"

"Fuvu halina lugha, dada."

Lilikuwa jibu zuri, na Hajira hakupenda watu wenye majibu mazuri.

"Chujio likiziba nani analizibua?"

"Fundi wetu, anatoka Arusha. Anakuja na kinyago na mtungi wa hewa. Mwingine haruhusiwi."

"Asipokuja?"

"Tunasubiri."

"Na wakulima nao wanasubiri?"

Hafidhi alikohoa kidogo. "Wakulima wana kamati yao. Tunaelewana."

"Kifaa cha kupima gesi kiko wapi?"

Alienda ofisini akarudi nacho, amekishika kwa mikono miwili. Kilikuwa bado ndani ya nailoni yake, hakijafunguliwa.

"Tunakitunza," alisema. "Vumbi la hapa unaliona mwenyewe."

Hajira alikitazama kitu kile kidogo cha manjano kilichotunzwa vizuri kuliko Valerian, akahisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Alisubiri ishuke. Hasira haijawahi kumpatia ushahidi hata mara moja.

"Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Mjini. Nilienda swala, halafu kwenye msiba wa shangazi Maulida, Mungu amrehemu. Simu nilizima. Nilirudi jioni. Watu wote wa msibani waliniona, hata mama yako alikuwepo."

Hilo lilikuwa kweli. Mama yake alikuwepo.

"Nani alimwambia Valerian ashuke humu?"

"Hakushuka humu. Alizama kwao."

"Hafidhi."

Kijana wa watu alitazama viatu vyake. "Hakuna mfanyakazi wa kampuni aliyemwambia kitu. Hilo naapa, dada. Hata kwa msahafu."

"Funga mfuniko huu kwa kufuli, na ufunguo ukae nao wewe."

"Nitaufunga. Leo hii hii."

Walipokuwa wanarudi kwenye gari Primus alisema meneja anasema uongo. Hajira alisema hapana, na hapo ndipo penye shida. Mwongo akiapa huchagua maneno. Hafidhi hakusema hakuna mtu aliyemwambia. Alisema hakuna mfanyakazi wa kampuni.

Abasi, dereva wa pikapu ya kiwanda, walimkuta njia panda ya Himo anakunywa chai na chapati. Huyu ndiye ambaye Hajira alimshuku kuliko wote tangu mwanzo. Wiki mbili kabla ya kifo aligombana na marehemu getini mbele ya watu, wakashikana mashati. Na alfajiri ya Jumamosi, saa chache kabla mwili haujaonekana, Yuditha, mama muuza maziwa wa kijijini kwa Valerian, aliipisha pikapu ya kiwanda kwenye njia ya mlimani, akaingia matopeni na ndoo yake. Alikuwa bado ana hasira nayo.

"Uligombana na Valerian," Hajira alisema akivuta kiti.

"Nani hakugombana naye, afande? Alikuwa hafungui geti mpaka uzime taa. Leo tunashikana mashati, kesho tunakula sahani moja."

"Alfajiri ya Jumamosi ulienda mlimani kufanya nini?"

Chapati ilirudi sahanini.

"Yuditha alikuona."

Abasi akazungumza haraka haraka, kama mtu anayetua mzigo kabla haujamponyoka. Meneja alimpigia akamwambia amrudishe Valerian kwao. Aliuliza, si tumpeleke hospitali? Akaambiwa hospitali ya nini. Alipofika na kumwona, akaelewa.

"Mkamlaza kwenye mfongo."

"Mimi sikushuka garini. Wallahi, nilishika usukani, natazama mbele."

"Basi nani alimshusha?"

"Kulikuwa na mtu nyuma. Alimpakata kichwa njia nzima." Abasi alifuta midomo ingawa haikuwa na kitu. "Nimeshabeba maiti, afande, nimesikia watu wakilia. Yule hakuwa analia tu. Alikuwa anamwomba maiti radhi."

"Jina lake."

"Nifunge mimi. Hilo jina halitoki kwangu."

Hajira alimchunguza. Mashahidi wengi humficha mtu kwa woga, na woga aliujua: hutoka jasho, huuliza maswali. Abasi hakuwa na woga. Alikuwa na aibu, tena aibu ya mtu mwingine, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mkubwa wake uchi.

"Lucky," Primus alisema walipoanza kupanda mlima. "Ndiye aliyepata kazi ya marehemu."

"Lucky anaamini mbege mpaka kaacha pombe. Na Abasi asingemwonea Lucky aibu."

"Sasa nani?"

"Mtu anayeheshimiwa na Abasi, ambaye si mfanyakazi wa kampuni, na ambaye Valerian asingeweza kumwambia sitaki." Alipoyasema yote matatu kwa pamoja alitamani kugeuza gari, ila hakujua bado ni kwa nini.

Nyumba ya Valerian ilikuwa katikati ya kihamba, shamba la familia lenye migomba juu na kahawa chini yake, na kaburi jipya kando ya njia, maua yakianza kunyauka. Ng'ombe alikuwa bandani anatafuna majani mabichi ya kule chini. Mjane, Elisifa, aliwakaribisha ndani akawapa chai ya maziwa kabla hawajasema neno. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho makavu. Huenda alikuwa amekwisha kulia yote.

Juu ya kabati, kando ya Biblia na picha ya marehemu, kulikuwa na jani refu la sale lililofungwa fundo.

Hajira alikuwa Mwislamu wa mjini na Kichagga alikijua cha sokoni tu, lakini hakuna mtu anayekulia Moshi asiyejua sale. Mmea huo hupandwa mipakani na makaburini. Mtu akikukosea, jani lake likafungwa fundo na kuletwa kwako, anaomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. Ukilipokea umesamehe. Hulirudii tena jambo lile, iwe kanisani au mahakamani.

"Hili limeletwa lini, dada?"

"Siku ya kuamkia mazishi."

Hajira akaiweka chai chini. Siku ya kuamkia mazishi kila mtu alijua kwamba Valerian kauawa na ulevi wake mwenyewe. Hapakuwa na mkosaji. Watu wa rambirambi huja na sukari, na mchele, na bahasha. Sale huja na kosa. Kuna mtu alikuja kuomba msamaha wa kosa ambalo hakuna aliyelijua.

"Kaleta nani?"

"Nimeshalipokea, afande."

"Sikwambii ulirudie jambo. Nakuuliza jina tu."

"Nikimtaja nimelirudisha."

Primus alitazama sakafu. Alikuwa Mchagga wa Mkuu, kule Rombo. Mama yake angejibu hivyo hivyo.

"Elisifa, nisikilize. Mumeo hakuzama. Mtu alimwambia ashuke mahali ambapo hapana hewa. Mahali pale pako wazi hata sasa, na watu wanapita juu yake. Nikipata jina, kiwanda kinafungwa."

"Kikifungwa, yule atakula nini?" Alinyoosha kidevu upande wa banda. "Maziwa ndiyo ada za watoto. Mume nimempoteza. Unataka nipoteze na nini kingine?"

Nje kulisikika mtu akikohoa. Mzee Eliezeri, baba wa marehemu, alikuwa amesimama uani na fimbo yake, kofia mkononi. Alikuwa mwenyekiti wa mfongo kwa miaka mingi, na maji ya pili yalipokuja wakulima walimchagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya hayo pia, maana ni nani mwingine angejua kugawa maji bila watu kukatana mapanga?

"Shikamoo, mzee," Hajira alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Lakini hakuingia. Alisimama pale pale kwenye kizingiti cha nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akimtazama mkwewe, mpaka Elisifa aliposema kwa sauti ndogo, "Baba, ingia." Ndipo akavuka. Akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, chini ya viti vya watu wote.

Mzee wa Kichagga haombi ruhusa kwa mkwewe. Na mkosaji hapeleki sale mwenyewe akiweza kumtuma mzee wa ukoo. Angekuwa Hafidhi, au Abasi, jani lingepitia kwa Eliezeri, na Eliezeri angekuja na wazee wenzake. Hili lilikuja bila mjumbe. Mjumbe mwenyewe ndiye aliyekuwa anaomba. Hajira alijua sasa kwa nini alitamani kugeuza gari njiani, na angetoa chochote asiwe amejua.

"Mzee," alisema, "mfongo ukiziba, mnafanyaje hapa?"

Swali lilimshangaza, akalijibu kwa sababu lilikuwa la kazi yake. "Mwenyekiti anaitisha msaragambo. Watu wote na majembe. Halafu anamchagua mmoja aingie azibue kwa mikono. Maji hayangoji fundi. Ukingoja siku moja, mtu wa chini amekosa zamu, na zamu hairudi."

"Umeshawahi kuingia?"

"Mara nyingi sana. Na Vale ameingia tangu akiwa mdogo. Alikuwa na mikono mirefu."

"Na chujio la kule chini likiziba?"

Fimbo ilianguka. Hakuna aliyeiokota.

"Baba, usiseme," Elisifa alisema. "Tumeshamaliza."

"Sisi tumemaliza, mwanangu. Huyu hajamaliza." Mzee alikunja mikono yake juu ya magoti. "Maji yalikuwa hayatoki. Majani yanakauka, watu wananipigia simu, mwenyekiti, mwenyekiti. Meneja hapatikani. Fundi anasema kesho. Nikashuka Himo mwenyewe. Nikatazama pale, nikaona ni takataka tu imeziba, kama mfongo. Nikamwambia Vale, shuka."

"Alikataa?"

"Aliniambia, baba, kunanuka. Nikamwambia, mfongo gani usionuka matope. Akacheka. Akavua shati akashuka. Alipofika chini akaniita. Akasema, baba, sasa hakunuki tena. Nikafurahi."

Hajira alifumba macho. Daktari Gladys alikuwa amemweleza hilo: gesi ile ikizidi huua pua kwanza. Ukiacha kuisikia, ndiyo imekufika.

Mengine yalikuwa yale aliyoyatarajia. Meneja alirudi jioni akamkuta mzee amekaa juu ya mfuniko, na usiku wakauopoa mwili kwa kamba na ndoana. Kabla ya alfajiri meneja alimwambia: tukisema kafia humu, serikali inayafunga maji, na wewe unafungwa kwa kumwua mwanao, tumrudishe kwenu. Mzee akakubali. Yeye ndiye aliyemlaza mwanawe kwenye mfongo aliousimamia maisha yake yote, na kumwagia mbege kifuani.

"Niandike," Eliezeri alisema. "Mimi ndiye niliyesema shuka. Nataka kwenda huko mnakopeleka watu."

"Mwandike meneja!" Elisifa alisimama. Macho makavu yalikuwa yanawaka. "Vale alinisimulia, yeye ndiye aliyeficha kile kipimo cha gesi kabatini! Yeye ndiye mwenye fuvu la Kiingereza! Kwani baba angejuaje? Andika meneja, dada. Nitaapa. Nitasema nilimsikia."

"Hakuwepo, Elisifa. Alikuwa msibani. Mama yangu mwenyewe alimwona."

Hivyo ndivyo jina lilivyopatikana, na halikuwa na faida kwa mtu yeyote. Hajira aliligeuza kila upande. Akiliandika, mzee aliyemzika mwanawe anaingia gerezani, na mawakili wa kampuni watashukuru: mkulima alimwagiza mwanawe, kinyume cha kanuni zetu, tazama kibao. Asipoliandika, faili linabaki na mbege. Hafidhi angeshtakiwa kwa kuficha kifo, angepata mdhamini siku hiyo hiyo. Na vyovyote vile maji yangeendelea kutoka, kwa sababu kila aliyekuwa na haki ya kuyalalamikia alikuwa anayahitaji. Alijisikia mchovu kuliko siku yoyote tangu avae sare. Angelia, kama si Primus kuwepo.

Lakini kulikuwa na swali moja bado, na alilichelewesha kwa sababu aliogopa jibu lake.

"Mzee, umewaambia watu wa kule chini kwamba tangi lile linaua?"

"Ningewaambiaje," Eliezeri alisema, "bila kuwaambia nimejuaje?"

Hajira mwenyewe alisimama na Lucky getini asubuhi ile ile, akalimeza neno ili asiharibu mahojiano. Wote wawili walikuwa wamenyamaza kwa sababu nzuri. Hajira alitoa simu yake. Amri au hakuna amri, Shakiru atume askari wawili wakae juu ya mfuniko ule sasa hivi, hoja zitafuata. Alikuwa bado anaitafuta namba simu ya mzee ilipolia ndani ya koti.

"Ni wa pampu," Eliezeri alisema akiisogeza mbali na macho ili asome. "Lucky."

"Weka sauti."

"Mwenyekiti, shikamoo!" Sauti ya Lucky ilijaa chumba, na nyuma yake watu wengi wakiongea na majembe yakigongana. "Usiwe na wasiwasi huko na msiba, huku tunajitegemea. Chujio limeziba tena. Meneja kaondoka baada ya wale polisi, fundi hapatikani, nikaitisha msaragambo kama unavyofanya wewe. Ufunguo aliniachia."

"Msishuke!" Mzee alikuwa amesimama. "Lucky! Mtu asishuke!"

"Eh? Kijana mmoja ameshashuka, mwenyekiti. Kabinti ka Magreth mkata majani kalimtania eti mwoga, akateremka mbio. Ila sasa namwita haitikii. Nadhani kateleza. Ngoja nimtoe, nitakupigia."

Hajira aliinyakua simu. "Lucky, mimi ni Inspekta Hajira. Sikiliza. Kuna gesi humo ndani, ndiyo iliyomwua Valerian. Usishuke. Mtu yeyote asishuke. Umenisikia?"

Hakusikia. Simu ilikuwa imekwisha kuwekwa juu ya zege, bila kukatwa. Walisikia mwanamke akisema mshike mkono, mshike mkono, na mtu mwingine akiomba kamba, halafu viatu vikigonga ngazi ya chuma, kimoja baada ya kingine, vikienda chini. Primus alikuwa ameshatoka mbio kwenda kwenye gari. Kutoka pale mpaka Himo, hata ukiendesha kama kichaa, ni nusu saa.

Hajira alipiga kelele kwenye simu mpaka sauti ikakauka. Mzee Eliezeri akamshika mkono, akaivuta simu karibu na mdomo wake, akaanza kumwita Lucky, taratibu, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mwenzake asichelewe zamu. Upande wa pili mwanamke aliuliza nani mwingine anajua kushuka ngazi, na mwanamume mmoja akajibu kwamba yeye anajua.